Kizingiti cha Rispa

Fremu ya mlango ilikuwa imeegemezwa kwenye ukuta wa baraza ya nyumba ya shule, mbao zake mpya za mvule zikinukia, na haikuwa na nyumba ya kufungua wala kufunga. Levis aliichonga katika karakana yake pale Rangwe, akaileta hadi Migori juu ya lori la mahindi kwa sababu mama yake, Rispa, alimwagiza. Rispa aliomba kitanda chake kisogezwe dirishani ili aione. Aliitazama kutwa nzima.

Madaktari wa Homa Bay walikuwa wamemruhusu arudi nyumbani na vidonge vya kutuliza maumivu. Ini limekwisha, walisema, hakuna la kufanya tena. Neno hilo "nyumbani" ndilo lililomchoma mumewe, Mwalimu Elkana Obiero. Nyumbani wapi? Kwa zaidi ya miaka thelathini wao wawili walikuwa wameishi katika nyumba za shule za misheni, yeye akifundisha Kilatini mpaka Kilatini kikafutwa, kisha historia, mpaka akafutwa yeye mwenyewe kwa jina la kustaafu. Mkuu wa shule, mtu muungwana, alimruhusu akae hadi muhula uishe. Muhula ulikuwa ukingoni.

Si kwamba Elkana hakujua nyumba ni nini. Angeweza kukueleza Warumi wa kale walivyopanga vyumba vyao, nani alilinda moto wa jikoni, na baba mwenye nyumba alisali ameelekea wapi. Majumba ya watu waliokufa zamani aliyajua chumba kwa chumba. Lakini katika shamba la marehemu baba yake nje ya Rangwe, mahali alipopaswa kuwa na boma lake, paliota magugu na kufungwa mbuzi wa jirani. Kila mwaka alisema mwaka ujao, na mkewe alimwamini kwa sababu alimpenda.

Siku ya harusi yao, akiwa kijana aliyevaa koti la kuazima, alimwambia Rispa kwamba Mrumi alimbeba bibi harusi mikononi akavuka naye kizingiti, asije akajikwaa akaanza ndoa kwa mkosi. Akainama ambebe palepale. Rispa alikuwa binti wa Rusinga, hakulelewa kuwaogopa wanaume. Alimsukuma kifuani kwa kiganja. Hiki ni kizingiti cha padri, alimwambia, jenga chako ndipo unibebe. Walicheka mpaka msimamizi wa harusi akawanyamazisha.

Sasa kicheko kilikuwa kimewakauka. Rispa alikwisha kuona jinsi anavyozikwa mwanamke asiye na nyumba. Asubuhi ya mazishi watu huchomeka miti haraka haraka, wakaezeka nyasi, ili ionekane kwamba marehemu alikuwa na kwake. Wiki ile ile ng'ombe wameila nyumba yote.

"Japuonj," alimwambia, kwani tangu ujana alimwita mwalimu kwa lugha yao, "usinijengee nyumba ya uongo. Nijengee nikiwa hai, nilale humo hata mara moja."

Kujenga kwenyewe si kazi. Majirani wakijitokeza, nyumba ya udongo husimama kwa kutwa. Kikwazo kilikuwa Cephas, kaka mkubwa wa Elkana. Kwa Wajaluo, mdogo hamtangulii mkubwa kufungua boma. Akimruka, chira, laana ya kuvunja mwiko, huangukia kizazi chake, na watoto hukonda bila ugonjwa kujulikana. Na Cephas, dereva wa trekta za miwa huko Awendo, alikuwa amefikisha umri wa mvi akikaa chumba cha kupanga na mkewe, hajawahi kusimamisha hata nguzo katika shamba la baba yao.

Elkana alikuwa ameidhihaki chira darasani maisha yake yote. Wanafunzi walicheka alipowasimulia Warumi waliokagua matumbo ya ndege kabla ya vita, kisha akawauliza kama babu zao walikuwa na nafuu. Kwa hiyo alimwambia mkewe kwamba angejenga tu, Cephas apende asipende. Rispa aligeuza uso ukutani. Wewe huogopi, alimjibu, lakini wajukuu ni wangu pia, na nyumba hiyo sitaikanyaga.

Basi maji yalikuwa yamemfika Elkana shingoni. Alivaa koti lake la kufundishia akaenda Awendo, na njia nzima alikuwa anaandaa hotuba. Aliipanga jinsi wasemaji wa kale walivyofundisha: kwanza ulainishe moyo wa msikilizaji, halafu usimulie, halafu uthibitishe, mwisho uvunje hoja za mpinzani. Hoja ya mpinzani aliijua. Baba yao alikuwa na uwezo wa kumsomesha mtoto mmoja tu, akamtoa Cephas shuleni akamwacha mdogo aendelee, na Elkana aliamini kwamba kaka yake alikuwa anamlipizia kwa kukataa kujenga. Alikuwa na aya tatu nzuri sana juu ya kusameheana.

Alimkuta chini ya trekta, kwenye foleni ya magari ya miwa yanayongoja mizani, mikono imejaa grisi. Cephas alitoka, akakaa kwenye kivuli cha trela, akamsikiliza kwa adabu. Elkana alitoa hotuba yote, na ilikuwa hotuba safi.

"Umemaliza?" Cephas aliuliza.

"Nimemaliza."

"Hayo ya shule niliyasahau zamani, owadwa, ndugu yangu. Mimi naogopa."

Akamweleza. Madereva watatu aliofanya nao kazi walikwenda makwao wakafungua maboma, na wote watatu walizikwa humo kabla ukuta haujakauka vizuri. Huenda ni ugonjwa huu wa siku hizi, huenda ni vinginevyo, yeye hakusoma. Alichokijua ni kwamba mtu akifungua boma amewaonyesha watu mahali pa kumchimbia kaburi. Yeye alikataa kuonyesha. Alilisema hilo huku anatazama vidole vyake, mtu mwenye mabega kama mlango wa ghala, na sauti ilikuwa ya mtoto.

 Elkana alikuwa amejifunga kibwebwe kwa vita ambayo haikuwapo. Miaka yote hiyo alijua walichoogopa askari wa Kirumi kwenye misitu ya kaskazini, asijue anachoogopa mtu aliyenyonya titi moja naye. Akakaa chini kwenye makapi ya miwa na koti lake, akalia mbele ya madereva wote.

"Rispa anakufa," alisema, "na hana mlango."

Foleni ilisogea. Dereva wa nyuma alipiga honi, akaona mambo, akaacha. Cephas aliuliza kama shemeji anakula. Uji kidogo, Elkana alijibu, na juzi haukukaa tumboni. Cephas aliokota tambara akapangusa mikono, kidole kwa kidole, akachukua muda mrefu kuliko grisi ilivyohitaji.

"Twende," alisema, "kabla sijaogopa tena."

Cephas alifungua boma lake wiki ile. Lakini ilikuwa lazima alale humo kwanza, moto wake uwake na uzoeleke, ndipo zamu ya mdogo ifike, na hakuna siku zilizomtesa Elkana kama hizo. Walikuwa wamemhamishia Rispa kwenye chumba cha Levis, nyuma ya karakana sokoni Rangwe. Uji aliukataa, kisha maji akawa anayapokea kwa kijiko. Macho yake yalikuwa ya manjano. Elkana alikaa sakafuni kando yake, akajaribu kusali kwa Kilatini, lugha aliyoiheshimu kuliko zote, na maneno yalimtoka makavu kama anayasahihisha. Akaacha kusali. Akawa anamwomba mkewe mwenyewe, kwa lugha yao ya mama, akimwita binti wa Rusinga: ningoje, nyar Rusinga, ningoje kidogo tu.

Siku ilipofika, waliingia shambani alfajiri, Cephas mbele, Elkana na jogoo kwapani, Levis na shoka begani, kama desturi ya kufungua boma inavyotaka. Majirani walikuja wengi kuliko alivyostahili. Magugu yalifyekwa, nguzo zikasimama, wanawake wakakanda udongo kwa miguu, na kufikia alasiri kulikuwa na nyumba ya kuta mbichi na paa la mabati ya Levis. Fremu ya mvule ilitiwa mahali pake ikagongwa misumari. Kizingiti kilikuwa kimeinuka kidogo tu kutoka ardhini.

Rispa aliletwa kwenye pikapu ya jirani, amekaa mbele, amepakata kigae chenye makaa yaliyofunikwa majivu, kwa kuwa mke ndiye anayeingiza moto. Elkana alifungua mlango wa gari. Alikuwa amempa Levis jogoo. Alinyoosha mikono, mmoja mgongoni kwa mkewe, mwingine chini ya magoti, na alishtuka jinsi mwili ulivyokuwa mwepesi.

Cephas alikohoa. Alisema taratibu, bila kumtazama mtu, kwamba mwenye boma huingia kwa miguu yake, na anayebebwa kwenye mlango huu ni yule aliyekwisha kufa. Elkana hakumwachilia. Alikuwa amelichukua deni hili tangu siku ya koti la kuazima, na hakuwa na siku nyingine ya kulilipa.

Ndipo Rispa alipoweka kiganja kifuani pake, palepale pa siku ile. Kilikuwa na joto la kile kigae. Hakuwa na nguvu za kumsukuma.

"Utanibeba, Japuonj," alisema. "Siku ya kutoka. Kuingia naingia mwenyewe."

Akamshusha.  Rispa alikwenda hatua, akapumzika, akaenda tena, makaa yakitetemeka mikononi mwake, hadi penye fremu aliyoitazama dirishani siku zote zile. Aliegemeza bega kwenye mvule. Akainua mguu mmoja, akauweka ndani kwenye udongo ambao ulikuwa haujakauka.

Elkana alisimama nyuma yake, mikono imefunguka, karibu sana bila kumgusa, akingoja mguu wa pili.