Mwanga Ulioelekea Nairobi

Jioni moja ya mwaka 1999, giza likiwa limeshaingia Kitengela, Apondi alikuwa akianua nguo nyuma ya nyumba alipoona kivuli chake ukutani. Kivuli kikaanza kutembea, na yeye amesimama palepale.

Akainua macho. Kitu kama jua dogo la kijani kilikuwa kikikata anga kuelekea Nairobi, kikiburuta mkia wa moto. Kikapasuka vipande, vikazimika. Giza likarudi zito zaidi.

"Mama Whitney, umeona?" Jirani yake Kalunde aliita kutoka ng'ambo ya ua.

Kabla Apondi hajajibu, mshindo ukafika. Mabati yalitikisika, na Whitney, bintiye mdogo, akaanza kulia ndani.

"Ni Nairobi," Apondi akasema. "Wamelipua tena."

"Hapana, hii ni mwisho wa dunia. Tuombe."

Kalunde akapiga magoti kwenye changarawe. Apondi alijaribu kuomba naye, lakini mawazo yake yalikuwa Nairobi. Mumewe Obonyo alikuwa karani mjini. Mwaka uliotangulia, siku ya bomu la ubalozi wa Marekani, alirudi na vumbi nyweleni na damu isiyo yake kwenye shati. Alioga, akala, na tangu siku hiyo hakuwahi kulitaja.

Apondi akamfunga Whitney mgongoni, akaenda kusimama kando ya barabara kumngojea mumewe. Magari yalipita, hakuna lililopunguza mwendo. Alikuwa amekwisha kujiona mjane wakati mtu alipotokea gizani akichechemea, kiatu kimoja mguuni, suruali imechanika magotini.

"Baba Whitney?"

"Nilikuwa nimeshuka tu kwa stendi," Obonyo alisema. "Ile mwanga ikakuja. Nikajitupa kwa mtaro. Watu walikuwa wananicheka na mimi siwezi kuamka."

"Na Nairobi?"

"Iko. Hiyo ilikuwa kimondo tu." Lakini meno yalikuwa yakimgongana.

Wakaketi hapohapo kwenye nyasi. Ndipo Obonyo akaanza kusimulia ya mwaka uliopita: ngazi, moshi, mwenzake aliyemshika mkono mpaka vidole vikalegea. Hofu ya angani ilikuwa imemtoka Apondi. Sasa alimwogopea huyu mwanamume, aliyelala kando yake mwaka mzima na hayo yote kifuani.

Nyumbani, Obonyo aliomba taa isizimwe. Apondi aliiacha iwake, akakaa macho akisikiliza pumzi za mumewe.