Kadi Sitini za Mwalimu Kokushubila

Mwalimu Kokushubila alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni wa kusahihisha. Hakuweza kupita mbele ya maandishi yenye kosa akanyamaza. Fundi baiskeli wa pale Kamachumu aliandika kibao, "TUNAZIBA PANCHALI". Mwalimu alivumilia siku tatu, ya nne akaja na kopo la rangi. Matangazo ya Padri Damian yaliyobandikwa mlangoni mwa kanisa Jumapili, Jumatatu yalikutwa yametiwa koma. Na Ildefons, mumewe, alipokuwa anamchumbia mwaka hamsini na moja, alimwandikia barua ya kurasa mbili ya mapenzi. Ilirudi imepigwa wino mwekundu, na chini imeandikwa: "Vizuri, ila jitahidi zaidi." Ildefons alijitahidi, akamwoa.

Basi ilipofika Kwaresima ya mwaka sitini na nane, kikundi cha akina mama, ambacho Mwalimu alikuwa katibu wake, kilitaka kuwashukuru watu sitini waliochangia mabati ya zahanati. Mmoja akapendekeza kadi za Pasaka. Tatizo ni kwamba kadi zilizokuwa madukani Bukoba zilitoka Ulaya, na zote zilikuwa na picha ya sungura aliyekumbatia mayai.

"Sungura hatagi," alisema Immakulata, jirani na rafiki wa Mwalimu, aliyefuga sungura kumi na mmoja.

"Tutatengeneza zetu," Kokushubila akasema. "Si tumeambiwa tujitegemee? Tutajitegemea mpaka kwenye kadi."

Karatasi ilitoka kwa Bibi Madhuben, mjane mwenye duka la madaftari mjini Bukoba. Alitoa bure karatasi nene nyeupe na chupa mbili za wino, moja ya zambarau na moja ya kijani. Kilichobaki ni kitu cha kukatia stensili ya maneno. Mwalimu alitaka kitu kigumu, chepesi, kisicholowa maji, na kitu hicho Kamachumu nzima kilikuwa nyumbani kwa Buberwa. Huyu Buberwa alikuwa ameanguka na baiskeli iliyobeba mikungu minne ya ndizi, akapelekwa hospitali, akarudi na picha ya eksirei ya goti lake. Aliitundika dirishani, na kila mgeni alioneshwa goti kabla ya kupewa kiti.

"Mtalitunza?" aliuliza Buberwa, ameishika picha kwa mikono miwili.

"Litasomwa na watu sitini," Mwalimu akamwahidi.

Akaikata kwa wembe jioni mbili. Kukata stensili si mchezo. Herufi kama A na R zina vitumbo katikati, na usipoacha vidaraja vyembamba vya kuvishikilia, vinaanguka na herufi inabaki pengo. Mwalimu aliacha vidaraja vyote, akapima nafasi kwa rula. Maneno HERI YA PASAKA yakakaa yamenyooka kutoka juu ya goti la Buberwa hadi chini yake.

Siku ya kazi, jikoni kwa Mwalimu, alipika uji mzito wa muhogo, akautia gundi kidogo na chaki iliyosagwa ikalainika kama poda. Uji huo ukiupaka juu ya stensili kwa ubapa wa kisu, kisha ukainyanyua stensili wima bila kutikisa mkono, herufi zinabaki zimesimama juu ya karatasi. Zikikauka zinakuwa ngumu kama mfupa, unaweza kuzisoma kwa kidole umefumba macho. Juu yake Mwalimu alichora msalaba wa zambarau na jani la mgomba la kijani. Kadi ya kwanza ilipotoka, wanawake hao wawili waliiinamia wakaitazama.

"Nzuri kuliko sungura," alisema Immakulata.

Kazi ya Immakulata ilikuwa moja, kuosha stensili kila baada ya kadi mbili, maana uji ukikauka ndani ya herufi unaziba. Na kwa kadi ishirini za mwanzo aliosha kweli. Kisha mvua ikaanza kunyesha, jiko likawa na giza, na Immakulata akaanza kusimulia habari za mkwewe aliyemwomba amfundishe kupika ebitoke, ndizi za Kihaya, kisha akambishia kila hatua, hata namna ya kufunika chungu. Hadithi ilikuwa tamu. Mwalimu alicheka mpaka miwani ikaingia unga. Alipaka, akanyanyua, akapaka, akanyanyua, na kadi zikapangwa mikekani moja baada ya nyingine. Ndani ya stensili, uji ulianza kukauka kwenye kona za S, kwa kuwa S ina kona nyingi, kisha ukaingia kwenye A iliyo jirani yake. Uji ulikuwa mweupe. Karatasi ilikuwa nyeupe. Hakuna aliyeona kitu.

Zilipokauka, Mwalimu alikagua tatu za mwanzo kwa rula, akajipa alama tisini na nane, mbili akajinyima kwa sababu ya unyenyekevu. Akaweka moja ya hizo sebuleni kwake iwe ukumbusho. Sitini zilizobaki zikatiwa kwenye bahasha, na Jumatano Kuu Ildefons akazisambaza kwa baiskeli. Za Bukoba zilipanda basi.

Jumapili ya Pasaka, baada ya Misa, Padri Damian alimsimamisha mlangoni.

"Mwalimu, nashukuru sana kwa kadi. Wa kwangu hajambo. Jana kakamata wawili."

"Wawili nini, Padri?"

"Panya," alisema Padri, akamshika mkono kwa upole, akawaendea waumini wengine.

Kokushubila alimwambia Ildefons kwamba mfungo umemdhoofisha Padri, inabidi wampelekee kuku. Hata hawajafika njiani, wakasikia sauti ya Josia, mwenyekiti wa tawi la chama, amesimama juu ya ngazi za kanisa. Josia alikuwa mtu mwema mwenye hofu moja kubwa maishani, kwamba litatoka agizo yeye asilipate.

"Ndugu wananchi! Kesho saa nne asubuhi, uwanja wa shule, kila kaya ifike na paka wake! Asiye na paka aje na maelezo! Panya wanamaliza mahindi na mihogo, na akina mama wetu wametangulia kutukumbusha. Ushahidi huu hapa!"

Akainua kadi juu. Ilikuwa na msalaba wa zambarau na jani la kijani.

Mwalimu akapenya katikati ya watu mpaka ngazini. "Mwenyekiti, naomba niione, waitu," akasema kwa heshima ya Kihaya.

Akaigeuza kidogo ili mwanga uipige ubavuni, na vivuli vya herufi vikajitokeza moja moja. HERI YA. Mpaka hapo sawa. Halafu PA. Halafu uwanda mweupe, msafi, usio na kitu. Halafu KA.

Alihisi masikio yake yanapata moto. Akasoma tena akitumaini. Ilikuwa vilevile.

Ildefons alichukua kadi, akafumba macho, akapitisha kidole taratibu. "Heri ya paka," akasoma. Akarudia kidole pale katikati. "Na hapa je? Pameachwa nafasi ya mkia?"

"Ildefons!"

"Nauliza tu."

Alipogeuka kumweleza Josia, Josia alikuwa ameshapanda baiskeli, kengele inalia, anaelekea Kagoma kutangaza na huko.

Siku ile Kokushubila hakula. Immakulata alikuja akilia kwamba kosa ni lake, kwamba hakuosha, kwamba mkwewe ndiye sababu. Mwalimu akamwambia anyamaze. Alikuwa anahesabu kichwani watu wote aliowahi kuwasahihisha, na wote, alivyowafahamu, walikuwa na paka.

Jumatatu saa nne uwanja wa shule ulikuwa umejaa. Paka waliletwa ndani ya vikapu, ndani ya magunia, ndani ya tenga la kuku, na mmoja ndani ya koti la harusi la mwenye nyumba. Mzee mmoja ambaye hakuwa na paka alileta maelezo, ameyaandika kurasa tatu. Mwanamke aliyetoka Kagoma alileta mnyama ambaye watu walibishana kama ni paka kweli au fungo wa porini. Kelele za wanyama hao wote hazikuwa na mfano. Buberwa alikuwa anapita katikati ya watu akiwauliza kama waliliona goti lake kwenye kadi, na kuwaambia kwamba ukitazama vizuri linaonekana, jambo ambalo halikuwa kweli.

Basi la kutoka Bukoba likasimama barabarani. Akashuka Bibi Madhuben, mwenye miaka sabini na kidogo, sari ya kijivu, mwavuli kwapani, na mkononi kikapu kilichofungwa kwa kanga. Ndani ya kikapu alikuwemo paka mweupe mnene kama mto wa kulalia.

"Kasinge, waitu," alimsalimia Mwalimu kwa Kihaya chake safi cha mtu aliyezaliwa Bukoba. "Nilikuwa namleta huyu aje kushukuru, na kwenye basi nimesikia leo ndiyo siku yenyewe. Huyu ni Moti. Mwanangu, Diwali naletewa kadi. Pasaka naletewa kadi, ingawa si sikukuu yangu. Lakini tangu Moti aingie nyumbani, miaka tisa, hakuna mtu aliyewahi kumkumbuka. Kadi yake nimeiweka kando ya picha ya marehemu mume wangu."

Kabla Kokushubila hajamweleza, Josia alikuwa ameshapanda juu ya dawati, anamkaribisha katibu wa akina mama aeleze kampeni.

Mwalimu akapanda dawati la pili lililokuwa kando. Watu wakanyamaza, paka hawakunyamaza. Aliona kwamba angeweza kusema chochote kuhusu panya na wangempigia makofi. Aliona pia Immakulata amejificha nyuma ya mti wa mbuni, amejifunika uso kwa kitenge.

"Ndugu zangu," alisema, "hakuna kampeni. Zile zilikuwa kadi za Pasaka. Herufi mbili hazikutoka. Nilizikagua tatu tu, zilizobaki nikazituma bila kuzisoma. Ni kosa la maandishi, na ni langu."

Fundi baiskeli akanyoosha mkono.

"Mwalimu, samahani. Umesema kosa ni la nani?"

"Langu."

"Lako wewe?"

"Langu mimi, Kokushubila."

"Naomba urudie, wa huku nyuma hawakusikia."

Akarudia. Na hapo vikalipuka vifijo ambavyo Kamachumu haikuvisikia tangu usiku wa Uhuru. Watu walikumbatiana. Padri Damian alijifuta machozi kwa mkono wa kanzu. Mzee wa maelezo alirusha kurasa zake tatu hewani. Kokushubila alisimama pale juu ya dawati akisubiri aibu imfunike, na aibu haikuja. Kilichokuja ni kicheko, kikaanzia tumboni, na alipokiachia, dawati lilitikisika.

Josia peke yake alikuwa amesawijika. Mwalimu akamwona. "Lakini panya, Mwenyekiti," akasema kwa sauti, "panya wapo au hawapo?"

"Wapo!" watu wakajibu.

"Kampeni inaendelea!" akapaza sauti Josia, nuru imemrudia usoni, na kwa furaha akaruka kutoka kwenye dawati lake, akatua juu ya tenga.

Tenga likapasuka. Waliomo wakatoka, waliokuwa kwenye magunia wakasikia wenzao wametoka, nao wakatoka. Kwa dakika mbili hivi uwanja ulikuwa manyoya na vumbi. Paka arobaini walikimbilia kahawa, migomba na paa la darasa la tatu, na yule mnyama wa Kagoma akapanda mwavuli wa Bibi Madhuben, akaonekana waziwazi kuwa ni fungo.

Vumbi lilipotua, Bibi Madhuben alikuwa ameketi kwenye kikapu kitupu.

"Kwa hiyo," aliuliza polepole, "ile kadi haikuwa ya Moti?"

Watu wote wa karibu walimtazama Mwalimu. Alikuwa mtu ambaye hajawahi kumwachia mtu hata nukta. Akachuchumaa mbele ya bibi, akamshika mkono.

"Zile za wengine zina kosa, Bibi. Hiyo yako haina. Hiyo ni ya Moti."

Bibi aliitikia kwa kichwa kwa kuridhika, kana kwamba alijua tangu mwanzo. "Basi tumtafute mwenyewe."

Walimkuta nyuma ya soko. Bibi Madhuben hakuwahi kula nyama wala samaki tangu azaliwe, na Moti naye alikuwa amelelewa kwa maziwa, wali na dengu. Sasa alikuwa amelala kifudifudi juu ya mkeka wa dagaa waliokuwa wakianikwa, mkia umesimama, anatafuna kwa macho yaliyofumbwa, na anatoa mlio ambao hakuna aliyewahi kuusikia kwa paka. Mwenye dagaa alikuwa ameduwaa na fagio mkononi.

Kokushubila alijaribu kusimama mbele ili kumkinga bibi asione, lakini alikuwa amechelewa. Bibi Madhuben alitazama kwa kitambo. Kisha akafungua mwavuli wake, akageukia upande wa mibuni.

"Kahawa yenu mwaka huu imechanua vizuri," alisema.

"Imechanua, waitu," alijibu Kokushubila, naye akageuka.

Wakasimama hivyo, migongo imegeukia mkeka, wakizungumzia kahawa, mpaka Moti aliposhiba.