Toka Mbili za Mama Mkwe

Kiharusi kilipomwangusha mama mkwe wangu kilichukua mguu wa kulia, mkono wa kulia, na maneno yote ya kinywani mwake isipokuwa moja. Daktari alisema hutokea hivyo. Mgonjwa mmoja hubaki na jina la mtoto wake, mwingine hubaki na salamu. Mama mkwe alibaki na "Toka."

Daktari alidhani nitashangaa. Nishangae nini? Ndilo neno alilonipa kuliko yote tangu nilipoolewa. Toka jikoni, unaunguza. Toka sebuleni, kuna wageni. Siku tuliyomzika mume wangu, mwanawe wa pekee wa kiume, alinishika bega mbele ya waombolezaji. Nilidhani ananikumbatia. Akasema, "Umeshammaliza. Sasa toka kwangu."

Sikutoka. Nilikuwa na binti mdogo na sikuwa na pa kwenda. Tukabaki katika chumba cha nyuma cha nyumba yake, tumekwama kama mwiba wa samaki kooni, yeye hawezi kutumeza wala kututema.

Alipoanguka, hakuna aliyeuliza nani atamhudumia. Wifi yangu, bintiye wa kumzaa, alikuja hospitali na miwani ya jua, akalia vizuri sana, akaondoka. Mimi nikamrudisha mama nyumbani.

Kazi yangu ni kupiga pasi kwenye kiwanda kikubwa cha udobi, shuka za hoteli na za hospitali. Nasimama mchana kutwa kwenye mvuke. Kabla ya kwenda kazini namgeuza mama, namsafisha, nambadilisha, namlisha uji kwa kijiko kidogo upande wa mdomo uliobaki mzima. Shuka yake naivuta mpaka isibaki na mkunjo hata mmoja, maana mgonjwa asiyejigeuza akilalia mkunjo, ngozi inachubuka, na kidonda cha mgongoni ni mgeni asiyeaga. Binti yangu akitoka shule anamgeuza tena. Jioni ni zamu yangu.

Na kila nikimaliza, mama ananitazama usoni, ananyanyua mkono wa kushoto kuelekea mlangoni, na kusema, "Toka."

Si kwa hasira. Kama mtu anayemwambia mfanyakazi kwamba ameridhika, sasa aende.

Niliwahi kumwuliza Mungu kama anaona. Nilimwuliza nikiwa nafua matandiko, bila kupiga magoti, maana magoti yalikuwa yanauma. Hakujibu. Nikasuuza, nikaanika.

Ikawa wifi ameanza kuja kila Jumapili. Nikajua kuna jambo, maana mtu huyu hakuwahi kuja hata mama alipokuwa anaongea. Alikuwa anasimama mlangoni, mkoba begani, anamsikiliza mama akiniambia neno lake.

"Umesikia, wifi?"

"Nimezoea."

"Usizoee. Mama anajieleza. Mwenye nyumba anasema utoke, wewe umeng'ang'ania. Ungekuwa na haya ungeshafunga mizigo."

"Na wewe ungekuwa na haya ungeshika beseni."

"Mimi nina presha," akasema. "Siwezi harufu."

Halafu akanipa habari kamili. Yeye na mumewe walikuwa wamechoka kupanga nyumba za watu. Jumamosi angemleta mzee wa kanisa, ambaye ukoo ule haupingi kauli yake, aje amsikie mama kwa masikio yake mwenyewe. Mama akisema toka, mimi na binti yangu tutoke, wao waingie.

"Mtoto anafanya mtihani mwezi ujao," nikasema.

"Mitihani inafanyika kokote," akasema wifi.

Jumanne ya juma hilo wakaja akina mama wa ushirika wa kanisa kumwombea. Mama mkwe alikuwa mwenyekiti wao miaka mingi. Mikutano yao ya Alhamisi sijawahi kuihudhuria kwa sababu ya zamu, kwa hiyo wananihesabu mpagani. Katibu wao tunamwita Kengele. Akinong'ona, jirani anaitikia.

Waliimba, wakaomba, wakala vitafunwa nilivyoandaa, wakaniambia chumba kina joto. Mwishoni Kengele akasimama kufunga kwa sala yao, ile wanayofungia kila mkutano. Nilikuwa pale mlangoni na sinia la vikombe. Akaanza:

"Toka tulipoamka hata sasa..."

Na kutoka kitandani sauti ya pili ikafuata, nzito, imepinda, lakini neno kwa neno: "...Bwana, hukutuacha. Tulipoanguka ulitushika. Tulipokosa ulitungoja. Na tutakapochoka, utubebe. Amina."

Vikombe viwili viliniponyoka. Mama mkwe, ambaye hakuweza kuomba maji, alikuwa amesali sala nzima, macho yamefumbwa.

Kelele zilizofuata sina haja ya kuzieleza. Kengele alipiga vigelegele mpaka watoto wa mtaani wakajaa dirishani. Alipotulia akanivuta jikoni.

"Mwenzangu! Kumbe mama wa watu siku zote anaanza sala! Toka tulipoamka. Anakwama hapohapo kwenye toka, hana wa kumwendeleza. Wewe unanuna unadhani unafukuzwa!"

"Labda."

"Labda nini? Sikiliza. Habari za wifi yako tunazo. Jumamosi mama akisema toka, wewe dakia, 'tulipoamka hata sasa.' Atafuata mpaka amina. Mzee wa kanisa atalia kama mtoto, wifi yako atarudi alikotoka. Kwisha kazi."

Kesho yake asubuhi, nikimvalisha mama nguo, nilijaribu. Nilisema, "Toka tulipoamka hata sasa," naye akafumba macho, akairudia kuanzia toka. Tukasali pamoja, mimi na mwanamke aliyenichukia ujana wangu wote. Tulipofika "na tutakapochoka, utubebe," nikakaa ukingoni mwa kitanda. Nilikuwa nimechoka kiasi ambacho sikuwa nimemwambia mtu. Sala ya watu wengine, niliyoiokota mlangoni na sinia mkononi, ilikuwa imenitaja.

Mama akasema amina. Kisha akafumbua macho, akanitazama, akanyanyua mkono kuelekea mlangoni.

"Toka."

Hapo nikajua. Kulikuwa na toka mbili. Moja aliisema macho yamefumbwa, na hiyo ilikuwa ya Mungu. Nyingine aliisema macho kwangu, na hiyo ilikuwa yangu. Kengele alisikia moja tu.

Hata hivyo nikaendelea kusali naye asubuhi hizo. Sikuwa nasali kwa ajili yake. Nilikuwa nafika kazini na kitu kifuani ambacho hakikuwepo kabla. Mvuke ulikuwa uleule, msimamizi alifoka vilevile, lakini nilipokuwa nanyoosha shuka nilikuwa nasema kimoyomoyo, utubebe, utubebe, na siku inasogea. Mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza kama nimepata mchumba.

"Mzee sana huyo," nikamwambia. "Na hana haraka."

Jumamosi wakaja. Mzee wa kanisa akakaa kwenye kiti kizuri. Wifi akakaa na mumewe, ambaye alikuwa tayari anapima ukuta kwa macho, wapi pa kuweka televisheni. Kengele alikuja bila kualikwa. Tulimwegemeza mama kwa mito.

Mzee wa kanisa akakohoa. "Mama yetu. Tunataka kusikia kauli yako. Huyu mkaza mwana wako, akae au aondoke?"

Mama hakumtazama mzee. Alinitazama mimi. Mkono ukanyanyuka.

"Toka."

"Mmesikia?" Wifi akaruka. "Mmesikia wenyewe! Mimi sijamlisha maneno!"

"Ngoja kwanza," Kengele akasema, na sauti yake ikajaza chumba. "Kuna sala hapo. Neno hilo ndilo linaloanza sala yetu. Mwenzangu, hebu endeleza!"

Mzee wa kanisa akanigeukia. "Nimesikia habari ya sala. Ni kweli? Anaposema toka, anasali?"

Wote wakanitazama. Binti yangu alikuwa mlangoni na daftari la hesabu kifuani. Nilikuwa na maneno matatu tu ya kusema. Mama angefumba macho, angefuata, na chumba chetu kingebaki chetu.

Lakini kesho asubuhi ningemgeuza tena, ningevuta shuka, na ningetaka kusali. Ningesali nini? Sala ile ndiyo iliyokuwa inanibeba, na mtu hawezi kubebwa na kitu alichokigeuza mtego.

"Anajua sala," nikasema. "Nikiianza ataimaliza, na mtalia. Lakini hii ya sasa si sala. Ananiambia nitoke. Namjua."

"Mjinga wewe!" Kengele akasema. Nadhani alikusudia kunong'ona.

Mzee wa kanisa akatikisa kichwa muda mrefu. Akasema ukweli kama ule ni nadra siku hizi. Akasema angeutumia kwenye mahubiri. Akanipongeza mbele ya wote, akanibariki kwa mkono kichwani, kisha akanipa juma moja nihame.

Binti yangu alifanya hesabu zake mpaka usiku. Halafu akasema, "Mama, ungedanganya kidogo tu."

"Ningeweza."

"Sasa?"

"Sasa kunja nguo zako."

Nilipata chumba juu ya kilima, nyuma ya kiwanda cha udobi. Bati, sakafu ya saruji, choo cha wapangaji wote. Siku ya kuhama, wifi aliingiza makochi kwa mlango wa mbele wakati mimi natoa godoro kwa mlango wa nyuma. Asubuhi hiyo nilikuwa nimemhudumia mama kwa mara ya mwisho. Tulisali. Alinifukuza. Nikamwambia, "Leo umeshinda, mama."

Mkokoteni ulikuwa umeshafungwa kamba wifi alipotoka mbio, kanga kiunoni, miwani hakuna.

"Wewe! Amelowa!"

"Ni saa zake."

"Sasa?"

"Sasa unambadilisha."

"Lakini wewe si utakuwa unakuja? Asubuhi na jioni? Mbona ni hapo tu juu."

Nikamtazama. Kumbe ndivyo alivyopanga. Alitaka nyumba, na alidhani mama anakuja na mtumishi wake. Mumewe alikuwa amesimama nyuma yake, waya wa televisheni mkononi, akichunguza mawingu.

"Siji, wifi."

"Hata kwa kumwogopa Mungu?"

Hilo lilinichoma, na nilitamani sana kumjibu. Majibu nilikuwa nayo mengi, yamekaa miaka. Mwenye mkokoteni akacheka, akaketi juu ya jiwe asikilize vizuri.

Ndani, mama alianza kulia. Mlio bila neno.

Nikaingia. Nikamwambia wifi anawe mikono. Nikamwonyesha: goti hili likunje kwanza, mkono huu chini ya bega, usimvute kwa kwapa utamvunja, mviringishe kuja kwako. Alikuwa anageuza uso. "Pumua kwa mdomo," nikamwambia. Alipofuta, alifuta kama anaosha sahani ya thamani. Tukatandika. Nikamwonyesha kuvuta shuka, pembe moja baada ya nyingine, na kupitisha kiganja kutafuta mkunjo.

"Hapo kuna mmoja. Vuta tena."

Alivuta. Alipomaliza, nywele zimemganda usoni, aliinama akasema kwa sauti ya mtoto, "Mama, mimi hapa. Mwanao."

Mama akamtazama machoni. Mkono wa kushoto ukanyanyuka kuelekea mlangoni.

"Toka."

Sijawahi kuona mtu akipigwa kofi bila kuguswa isipokuwa siku hiyo. Wifi alikaa chini sakafuni, kwenye maji ya beseni, akalia, safari hii vibaya, kamasi na kila kitu. Ningekuwa mwongo nikisema sikufurahi. Nilifurahi kabisa, kwa muda wa kukamua kitambaa.

"Inuka," nikasema. "Atakwambia hivyo kila siku, na kila siku utamsafisha. Usimjibu. Anza sala, atafuata. Toka tulipoamka hata sasa."

"Siijui."

"Mama yako amekuwa mwenyekiti miaka yote hiyo, huijui?"

"Nilikuwa naenda kwa sababu ya chai."

Basi nikaisema, kipande kwa kipande, naye akarudia huku anashika ukingo wa kitanda. Mama alifumba macho, akatutangulia sote wawili. Kwenye "tulipokosa ulitungoja" wifi alikosea, akasema ulituonea. Mama akalirudia neno lenyewe, ulitungoja, kwa ukali, kama mwenyekiti.

Niliwaacha wanairudia. Nje mwenye mkokoteni alikuwa amelala. Binti yangu alinitazama usoni kujua kama nimelainika na tunabaki.

"Tunaenda?"

"Tunaenda. Mwamshe huyo."

Kilima kilikuwa kirefu na mzigo ulikuwa unavuta kurudi nyuma. Nilishika ubao wa nyuma, binti yangu akashika upande wa pili, tukasukuma.