Shafti ya Mbele

Shirika la umma la utalii lilipopunguza wafanyakazi, fedha za kiinua mgongo hazikuwepo. Kilichokuwepo ni barua yenye muhuri, iliyosema kwamba kila dereva atalipwa kwa kupewa gari alilokuwa akiliendesha, apate kuvuna alichokitunza. Madereva kumi na mmoja walisomewa barua hiyo uani, Arusha mjini, asubuhi ya kijua kizuri. Hakuna aliyeshangilia. Kila mmoja alikuwa anakumbuka alichouza.

Mtasema ni wezi. Haya, semeni, mimi sitawazuia. Lakini miaka ile mshahara ulikuwa unaishia kwenye foleni ya sukari, na gari la Shirika lilikuwa kama nyama ya shughuli: kila mtu anakata finyango lake, na hakuna anayeuliza ng'ombe alikuwa wa nani. Arnold peke yake hakuwahi kuuza hata balbu, na wenzake walimwita bwege miaka yote. Siku ile Arnold aliwasha gari lake, akawapungia mkono, akaondoka zake. Hakuna aliyemwita bwege.

Mwenye kisa hiki ni Yoeli. Mmeru wa juu ya Nkoaranga, mpole, mtu ambaye suruali yake ilikuwa na mkunjo wa pasi hata akilala chini ya gari. Yeye alikabidhiwa Landrova ndefu aliyoiendesha miaka kumi na saba. Alijua vyote vilivyomo, na zaidi alijua visivyokuwemo. Winchi yake ilikuwa Usa River, kwenye bucha, inanyanyua ng'ombe. Tangi la akiba la mafuta lilikuwa Moshono kwa mama mmoja, kuku wanalinywea maji. Mchimba kisima huingia mwenyewe, wahenga walisema, ila hawakusema kwamba atakabidhiwa kisima hicho pamoja na kadi yake.

Lakini hakukata tamaa, maana biashara huria ilikuwa imeingia na wageni wakaingia nayo. Bi Najat, binti wa muuza vitambaa wa mjini, alikuwa amefungua kampuni ya safari yenye chumba kimoja na simu mbili, moja ikifanya kazi. Alitafuta magari ya kukodi pamoja na madereva wake, msimu mzima, kupeleka wageni porini kwa njia za nyuma ya Mlima Meru, huko ambako barabara ni jina tu. Sharti lake lilikuwa moja. Siku ya Jumatatu kila gari lingeshuka kwenye korongo moja la tope nje ya Usa River, na yeye mwenyewe akiwa ndani, amevaa gambuti.

"Anayetoka ameajiriwa," aliwaambia madereva. "Anayekwama tutamvuta bure, halafu aende kwao."

Basi akiba yote ya nyumba ya Yoeli iliingia kwenye ile Landrova, gereji kwa fundi Abdulsalam, Kaloleni. Springi ziliongezwa majani hadi gari likainuka kama limeshtuka. Shokapu zikawa mpya. Paa likakatwa lifunguke, wageni wasimame waone tembo. Bomba la hewa likapandishwa hadi juu ya kioo, ili injini ipumue hata maji yakifika kifuani. Siku ya Alhamisi hakikubaki kitu ila kutia grisi, na Abdulsalam akaingia uvunguni.

"Mzee Yoeli," akasema akiwa huko huko chini, "hapa mbele pana nafasi ya kitu."

"Kitu gani?"

"Shafti. Ile ya kupeleka nguvu magurudumu ya mbele. Hili gari linasukumwa na miguu ya nyuma tu. Ukiweka fowili, umeweka pambo."

"Kumbe!" alisema Yoeli, na papo hapo akaona ameshangaa kwa sauti kubwa mno.

Abdulsalam akatoka, akajifuta mikono kwa tambara. "Aliyefungua alikuwa fundi kwelikweli. Nati zote nane amezirudishia mahali pake, zisipotee."

Yoeli nusura aseme asante.

Aliuliza kama nyingine inapatikana. Abdulsalam akamwambia vipuri mjini siku hizi vimejaa tele, lakini vya Kijapani. Ya bibi kizee huyu ni mpaka iagizwe Nairobi, na si chini ya wiki mbili. Ya kuunga kwa kuchomelea angeweza kumtengenezea, ila ingekatika kwenye tope la kwanza, Bi Najat akiwa ndani.

"Na bila shafti?"

"Bila shafti, Jumatatu utavutwa bure."

Mtauliza Shirika lilikosaje kujua kwa miaka tisa ambayo shafti haikuwepo. Ni rahisi. Gari likikwama, watalii walishuka, wakasukuma, wakapigana picha wakiwa na matope usoni, na wakifika kwao wakaandika barua za shukrani. Yoeli alipandishwa cheo kwa barua hizo.

Sasa shafti yenyewe ilikuwa wapi? Hilo Yoeli hakuhitaji kuulizwa. Ilikuwa imening'inia kwenye mti wa mgrivea mbele ya kanisa dogo la mtaa wao, hatua mia mbili kutoka kitandani kwake. Ilikuwa kengele ya kanisa.

Ilitokea hivi. Aliifungua apate kumuuzia mtu wa Moshi, mtu wa Moshi akaingia mitini, na Jumapili iliyofuata ikawa sikukuu ya mavuno. Watu walipeleka mbele mikungu ya ndizi, kuku, madebe ya mahindi. Yoeli, mtu wa safari, hakuwa amevuna chochote. Akabeba shafti. Mwinjilisti alipoipokea ikamponyoka, ikagonga sakafu, ikalia mlio mtamu uliovuka korongo la hapo kijijini mpaka upande wa pili. Kanisa zima likasema "Aaah!" Tangu hapo haikuuzwa, ikatundikwa. Na aliyepewa kazi ya kuigonga kila Jumapili ni mzee wa kanisa Aikande, ambaye ni mke wa Yoeli. Aikande aliigonga kwa nyundo ya mbao isipate makovu, na kila Jumamosi aliipaka mafuta isishike kutu. Kwa wanawake wenzake alikuwa na neno moja: "Mume wangu kakaa serikalini miaka yote hiyo, hajaleta nyumbani hata nati."

Kwa hilo alisema kweli. Nati zilibaki kwenye gari.

Ijumaa Yoeli alijaribu ujanja. Alitafuta ringi ya lori, akaipaka rangi ya fedha, akapanda nayo mlimani ndani ya Landrova akisema anataka kulitolea kanisa kengele ya kisasa, ile ya zamani aitoe njiani. Wazee wakaitundika, wakaigonga. Ililia kama sufuria imeanguka jikoni kwa jirani. Ng'ambo ya korongo hakuna aliyegeuza hata shingo.

"Tunashukuru, Baba Nashipae," Aikande alimwambia mbele ya wote, kwa upole uliomchoma. "Lakini ile uliitoa kwa moyo. Hatuibadilishi."

Jumamosi asubuhi Yoeli alimkuta mkewe chini ya mgrivea, kopo la mafuta mkononi, anapaka. Alisimama nyuma yake. Alijua akinyamaza, Jumatatu anavutwa kama mzoga na miaka kumi na saba inakwenda na maji. Akisema, kuna kitu kingine kinakwenda. Akasema. Alisema yote, mpaka winchi, mpaka kuku wa Moshono.

Aikande hakugeuka. Alimalizia kupaka, akafunga kopo.

"Miaka tisa nimeigonga, Yoeli," alisema. "Nimewaita watu kwa Mungu kwa chuma cha wizi, na nilikuwa naona fahari. Unanisikia? Fahari!"

"Nisamehe, mama."

"Hii si yangu nikupe. Ni ya kanisa. Kesho utayasema hayo kanisani."

Jumapili akayasema. Alisimama mbele, mkunjo wa suruali mahali pake, akaeleza ni chuma gani kile na kilitoka wapi. Kisha Mzee Mika akainua macho kwenye mabati ya paa, ambayo aliyatoa yeye enzi alipokuwa mtunza ghala la serikali. Mama mmoja wa kwaya akakitazama kitambaa cha madhabahu. Wanaume watatu wakayaangalia mabenchi waliyokalia. Mwinjilisti aliyafuata macho yao, akaona kwamba toba ikiendelea hivi, ibada ya wiki ijayo itakuwa juani, akatangaza wimbo haraka haraka, beti zote.

Baada ya ibada wazee wakashauriana nje. Kuirudisha Shirika haikuwezekana, maana Shirika halikuwepo tena. Mlangoni pake palikuwa panauzwa mitumba. Kumpa Yoeli bure haikuwezekana pia, kwa kuwa kitu kilichofika madhabahuni hutoka kwa njia moja tu, nayo ni mnada.

"Nani anaanza?" akauliza Mwinjilisti, shafti ikiwa miguuni pake.

"Jogoo," alisema Yoeli. Ndicho alichobaki nacho.

"Mbuzi!" akadakia Mzee Mika. Mzee Mika alikuwa na haja ya shafti kama alivyokuwa na haja ya meli, lakini ndiyo desturi ya mnada wa kanisa: unampandishia mwenzio mpaka aumie, kwa utukufu wa Mungu. Watu wakacheka. Yoeli hakucheka. Hakuwa na mbuzi, wala wa kumkopesha mbuzi hakumwona. Akainama akatazama viatu vyake.

"Mtamba wangu," ikasema sauti ya mwanamke.

Kicheko kikakatika. Mtamba wa Aikande kila mtu alimjua. Alimnywesha maziwa kwa chupa tangu mama yake afe, akamkatia majani kwa mikono yake, na sasa alikuwa na mimba, anakaribia kuzaa.

"Mama Nashipae, umefikiri?" Mzee Mika akamuuliza kwa sauti ndogo.

"Nimefikiri tangu jana. Gongeni."

Hakuna aliyeongeza. Aikande akasokota kata ya majani ya mgomba, akajitwika ile shafti kichwani, akashika njia. Yoeli akamfuata nyuma, mikono mitupu.

"Nikusaidie, mama."

"Umeshasaidia."

Nyumbani akaitua kando ya Landrova. "Haya, funga. Nataka nikuone ukifunga. Kufungua nimeshasikia."

Akachuchumaa pale pale, mikono magotini, mpaka nati ya nane ilipokaza. Shafti iliingia kama imetoka dukani jana. Ndicho kifaa pekee cha gari lile kilichowahi kutunzwa.

Jumatatu, kwenye korongo la tope la Usa River, Bi Najat alikuta mwanamke amekaa kiti cha nyuma, kajifunga kitenge, amenyooka.

"Na huyu?"

"Mwenye shafti," alijibu Aikande.

Bi Najat alikuwa mfanyabiashara; hakuuliza zaidi. Gari likashuka. Katikati ya tope likazama mpaka ngazi, magurudumu ya nyuma yakazunguka bure, matope yakaruka mpaka juu ya paa jipya. Yoeli akameza mate, akavuta gia ya fowili. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa alisikia magurudumu ya mbele yakishika. Landrova ikanguruma, ikajitikisa, ikapanda ukingo wa pili polepole, bila haraka na bila kusimama.

"Unaanza Alhamisi," akasema Bi Najat, akipangusa tope kwenye kioo cha saa.

"Mpe safari za kurudi Jumamosi," alisema Aikande kutoka nyuma. "Jumapili ana kazi."

"Kazi gani?"

Yoeli alitazama mbele, barabarani, ingawa gari lilikuwa limesimama.

Kazi ilikuwa hii. Kanisa sasa halikuwa na kengele, maana ile ringi ya fedha haikusikika hata na mbuzi. Wazee waliamua kwamba mpaka ipatikane nyingine ya kuvuka korongo, Yoeli atapita nyumba kwa nyumba alfajiri, upande huu na upande wa pili, kuwaita watu ibadani. Na Aikande akaongeza lake: aanze na nyumba yake mwenyewe.

Kwa hiyo kila Jumapili, kukiwa bado na ukungu, Yoeli aliamka, akavaa, akatoka nje, akafunga mlango, akaugonga. Jumapili ya kwanza Aikande alifungua, akampita bila kumtazama. Ya pili vilevile. Ya tatu Yoeli aligonga, akasubiri.

"Nani?"

"Ni mimi."

"Mimi nani?"

Yoeli alifikiri. "Kengele."

Kisha mlango ukafunguka, na Aikande akasimama pale akiwa na kikombe mkononi.

"Bado nina hasira na wewe," alisema.

"Najua."

"Yule mtamba kazaa juzi. Jike."

"Nimesikia."

"Kunywa. Kilima ni kirefu."

Yoeli akakipokea kikombe kwa mikono miwili. Chai ilikuwa ya rangi. Akainywa yote palepale kizingitini, akarudisha kikombe, akaanza kupanda.