Mahali Alipopapenda Bi Mashavu

Kila siku, adhana ya alasiri ikishapita, Mwanakheir alifungua dirisha la ukumbini, akateremsha kikapu kwa kamba mpaka uchochoroni, na Borafya, muuza mikate, akatia humo boflo mbili. Hapakuwa na haja ya kusema neno, na Mwanakheir alipenda iwe hivyo. Maneno yalimpa taabu tangu utotoni. Hata chuoni alikosomea ualimu, mkufunzi alikuwa kila mara akimtaka aseme tena, naye kila aliposema tena sauti ilizidi kushuka. Ulimi wake ulifunguka mbele ya watoto wa darasa la pili tu, katika skuli ya wasichana alikokuwa akisomesha mwaka wa pili sasa.

Siku moja ya joto la kaskazi, mwaka wa hamsini na tano, alivuta kamba ikakataa. Akavuta tena. Kamba nayo ikavutwa kutoka chini, mara mbili, kama mtu anayebisha hodi. Alipochungulia alimwona Borafya amesimama kando, mikono nyuma, anacheka peke yake, na katikati ya uchochoro mwanamke mnene wa makamo, ndani ya buibui, amekwisha kuweka juu ya mikate sanduku dogo la bati.

"Vuta, we mtoto," mwanamke alisema. "Au unangoja nipande mwenyewe kwa kamba?"

Ndivyo Mwanakheir alivyomjua Bi Mashavu, dada mkubwa wa baba yake. Kabla ya hapo alimjua kwa barua za Mombasa na kwa kanzu moja ya Idd iliyokuja ikampwaya. Miaka ishirini na nne nyuma, Bi Mashavu aliolewa na Mmanga, karani wa meli, mtu ambaye wazee hawakumtaka kwa kuwa hawakuwajua watu wake. Siku ya kuondoka alisimama kwenye ngazi, majirani wakisikia, akasema kwamba nyumba ile haitamwona tena ila kwa ugeni. Na haikumwona, si kwa ugeni wala kwa msiba. Wazee walikufa, mama yake Mwanakheir akafa, na kutoka Mombasa zikaja barua tu. Sasa Mmanga naye alikuwa amekufa, eda imekwisha, na Bi Mashavu ameketi kwenye mkeka wa ukumbini akijipepea, anaangalia boriti moja baada ya moja kama anayezihesabu.

Baba yake Mwanakheir, Bwana Shamsi, aliporudi kutoka kwenye maghala ya karafuu, alimwangukia dada yake magotini kama mtoto. Wakanywa chai. Baada ya chai Bi Mashavu alieleza kilichomleta. Alisema nyumba yake ya Mombasa ni tupu, sauti anayoisikia humo ni ya kwake mwenyewe, na amekuja kumchukua Mwanakheir akakae naye. Skuli ziko na kule. Meli inaondoka Jumamosi.

Bwana Shamsi alikirudisha kikombe kwenye sinia. Alikuwa na mtoto huyo mmoja tu. Lakini aliyekuwa akimwomba ndiye aliyembeba kiunoni utotoni, na tangu hapo hakupata kumnyima kitu. Akageuka. "Unasemaje, mwanangu?"

Mwanakheir aliliangalia sinia. Neno alikuwa nalo, limekamilika, limekaa nyuma ya meno: sitaki. Aliwaona watoto wake wa darasa la pili, Wanu mdogo ambaye ndiyo kwanza amejua kuunganisha herufi, akaiona na njia ya kwenda skuli asubuhi. Na katika nyumba ile, kama katika nyumba nyingi za mjini, mwanamwali akiulizwa mbele ya wakubwa na akainamisha macho, huhesabiwa ameridhika. Anayejibu kwa mdomo huonekana hana haya. Ndoa ngapi zilikwisha fungwa kwa macho yaliyoinama. Bwana Shamsi alingoja muda wa kumaliza kikombe, kisha akasema, "Haya. Kheri." Kesho yake akaenda kukata tikiti mbili.

Bi Mashavu hakufurahi kama alivyotarajiwa. Alimtazama mtoto, akamtazama na ndugu yake, muda mrefu, kisha akazungumza habari nyingine kabisa. Alisema katika siku tatu zilizobaki anataka kutembea. Mjini hapa kuna mahali patatu alipokuwa akipapenda kuliko kwengine kote, naye anataka kupaona, na anataka kupaona mchana.

"Si ulizaliwa hapa, shangazi?" Mwanakheir aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nilizaliwa hapa, lakini mchana sijauona mji huu ila kupitia vipenyo vya dirisha. Watoto wa ghorofani tulikuwa tukitolewa baada ya isha, na taa mbele. Wewe unakwenda skuli saa moja asubuhi. Mimi saa hiyo ya nje siijui."

Basi Jumatano alasiri wakatoka. Bi Mashavu alitaka kuanza na pahala alipopaita pembe ya upepo, upande wa Sokomuhogo, akasema njia anaijua kama anavyojua mfuko wake. Hawakufika mbali. Kwenye njia panda ya kwanza alikwenda kushoto akarudi, akaenda kulia akarudi, akasimama katikati ya uchochoro jasho linamtoka. Wazee waliokaa barazani wakaanza kutazama. Mmoja, aliyekuwa akicheza bao, akamuuliza kama Bi amepoteza kitu au amepotea mwenyewe.

"Cheza bao lako," Bi Mashavu alimwambia. "Unaliwa huku unanitazama mimi."

Kisha akamnong'oneza Mwanakheir amshike mkono, akafumba macho.

Kitu kama hicho Mwanakheir hakupata kukiona maishani. Macho yakiwa yamefumbwa, mwanamke yule alikwenda bila kusita. Mkono wake wa kulia ulipita juu ya kuta, nao ukawa unamsimulia. Hapa ukuta wa baridi, alisema, nyuma yake kuna kisima. Hapa vidaraja viwili, inua mguu. Hapa nyumba ya mwenye kufukiza udi siku ya Alhamisi, harufu haijatoka kwenye mlango wake mpaka leo. Mwanakheir alikuwa akipita pale kila asubuhi, madaftari kwapani, na hajapata kuugusa ukuta ule. Aliugusa. Ulikuwa baridi kweli, baridi ya mtungi, katikati ya kaskazi.

Penyewe pembe ya upepo palikuwa mahali ambapo vichochoro vitatu vinakutana, pasipo na kitu cha kutazama: ukuta uliobanduka chokaa na mlango uliofungwa. Lakini mji mzima ukiwa umenata kwa joto, pale upepo ulikuja kutoka pwani, ukapenya katikati ya majumba na kuwainulia buibui zao mpaka magotini. Bi Mashavu alisimama amefumba macho bado. Alieleza kwamba walikuwa wakija hapo wasichana sita na taa moja, wasifanye lolote, wasimame tu, na taa ikizimika wacheke. Mwanakheir alisikia upepo unaingia ndani ya mikono ya nguo yake, akaona haya kwa jinsi alivyofurahi.

Alikusudia kusema siku hiyo, walipokuwa wakirudi. Hakusema.

Alhamisi walikwenda upande wa mashariki. Huko palikuwa na dirisha la nyumba ya shoga yake, aliyekwisha kufa, ambako Bi Mashavu alikuwa akishinda siku nzima kutazama maji yakijaa, na nyumba za Ng'ambo zimesimama ndani yake kichwa chini, miguu juu. Alipokaribia alikunja buibui isilowe. Mbele yake palikuwa na ardhi kavu. Watoto walikuwa wakipiga mpira, na mbuzi mmoja anakula kitambaa.

"Maji yako wapi?" aliuliza.

Mwanakheir alimweleza kwamba pamefukiwa, kidogo kidogo, mwaka hata mwaka, na kwamba yeye mwenyewe alicheza nage hapo alipokuwa mdogo. Bi Mashavu alikanyaga mguu mmoja, akaukanyaga wa pili, kama mtu anayeingia kwenye mashua. Akaenda hatua ishirini hivi, akageuka, akaitazama nyumba ya shoga yake kutoka mahali ambapo hapakuwa na mtu aliyewahi kusimama enzi zake, akacheka mpaka akafuta macho.

"Natembea juu ya bahari, mwanangu. Mmanga asingenisadiki."

Mwanakheir naye aliangalia chini. Miaka yote hiyo aliipita ardhi ile kama ardhi nyingine, na sasa nyayo zake zilikuwa kama zinasikia kina chini yake, maji meusi na samaki, na nyumba zilizopinduka. Na shangazi yake, wakiwa hapo hapo, akaanza kuuliza mambo madogo madogo ya nyumbani: kama kisima cha uani bado kina maji matamu, kama ngazi ya darini imetengenezwa, na nani siku hizi analala chumba cha nyuma. Mwanakheir alijibu kwamba halali mtu, kumewekwa magunia.

"Chumba kile ndicho chenye upepo," Bi Mashavu alisema, na hakuuliza tena.

Magharibi ilipokaribia, Bwana Shamsi alileta tikiti, akaziweka rafuni bila kumtazama yeyote. Hakula vizuri siku ile. Mwanakheir aliziona alipokwenda kuchukua chumvi, karatasi mbili zenye mhuri, na moja ina jina lake. Alitunga maneno akiosha vyombo. Aliyatunga vizuri, na salamu mbele na shukurani nyuma. Aliporudi ukumbini aliwauliza kama wanataka chai tena.

Ikabaki Ijumaa. Wanaume walipotoka msikitini, Mwanakheir na shangazi yake walikwenda Hamamni, kwenye nyumba ya kuogea ya zamani, iliyofungwa miaka mingi. Ufunguo alikuwa nao mzee mmoja aitwaye Nahodha, muuza kashata, aliyekaa mlango wa pili. Walimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akawaangalia wote wawili, akawaambia kwa upole kwamba wamechelewa kidogo, maji yalikauka yeye bado ana meno. Siku hizi humo huoga popo.

"Basi tutawaomba watupishe," Bi Mashavu alisema.

Ndani palikuwa na ubaridi na kivuli. Kisha macho yakazoea, na Mwanakheir akasimama. Dari ilikuwa imepanda juu ikawa kuba, na katika kuba mna vitundu, na katika kila kitundu jua lilikuwa limeshuka mpaka sakafuni limenyooka, mistari ya mwanga iliyojaa vumbi linalotembea polepole. Hatua chache nje ya pale kulikuwa na mtu anauza kashata. Na humu ndani kulikuwa na hiki, siku zote, naye amekulia mtaa wa jirani.

Bi Mashavu alisema alikuja hapa akiwa na miaka saba, ameshikwa mkono na bibi yake, siku za wanawake. Mvuke ulikuwa mwingi usione mtu, alisema. Ukisikia tu mitalawanda, vile viatu vya mti, inalia sakafuni, na maji, na wanawake wazima wanacheka kwa sauti ambazo nyumbani hawakuwa nazo. Akavua viatu, akaenda zake vyumba vya ndani, mkono ukutani. Nyayo zake zikafifia.

Mwanakheir alibaki chini ya kuba peke yake. Kesho muda kama huu angekuwa baharini. Alidhani shangazi yake yuko mbali, na kwamba hapa, kama kuna mahali popote, angeweza japo kuonja neno lenyewe lina ladha gani likitoka. Akalinong'oneza, si kwa mtu.

"Sitaki kwenda."

Kuba ikalipokea. Likapanda juu, likazunguka, likarudi limenenepa, likapita chini ya tao la kwanza na la pili, *sitaki kwenda*, kwa sauti kubwa, nzito, ambayo Mwanakheir hakupata kuwa nayo hata mbele ya darasa. Akajiziba mdomo kwa kiganja. Kule ndani nyayo zilikuwa zimesimama.

Halafu sauti ya Bi Mashavu ikaja kupitia kuta, bila sura, karibu kabisa na sikio lake.

"Sema tena."

Hakukuwa na macho ya kumtazama, wala sinia la kuinamia. Mwanakheir aliondoa mkono mdomoni.

"Sitaki kwenda, shangazi. Unisamehe. Nna watoto wangu skuli. Na baba hatamwambia mtu kama anaumia, lakini jana hakula. Na mji wenyewe ndiyo kwanza umenionyesha wewe, juzi na jana na leo. Nilinyamaza kwa haya tu. Sikuridhika."

Kuba iliyarudisha yote, hata pale sauti ilipokatika. Alingoja aambiwe hana adabu. Kilichokuja kwanza kilikuwa pumzi, pumzi ya mtu aliyetua mzigo.

"Siku tatu nangoja mmoja wenu anikatalie," sauti ilisema. "Nilijua Shamsi hana ila wewe. Nikasema, nikimtaka mtoto, atanambia: si hivyo dada, mtoto hatoki, kaa wewe hapa na sisi. Nilipanga nikatae mara moja, halafu nikubali. Yeye akaenda kukata tikiti."

Mwanakheir hakuthubutu kusogea. Huko ndani, shangazi yake alikohoa, akaanza neno akaliacha, akaanza tena.

"Nilisema maneno mabaya kwenye ngazi ile, na mtaa mzima umesikia. Sikuja kukuchukua, Mwanakheir. Nimekuja kuomba nirudi kwetu."