Uji wa Mama Mkwe

Ile chupa ya chai yenye maua mekundu bado ipo jikoni kwangu, mfuniko umepasuka, na mtu asijaribu kuniambia niitupe.

Ilikuwa ya mama mkwe. Niliporudi kiwandani kushona mashati, kifungua mimba wangu alikuwa na miezi mitatu. Muuguzi wa kliniki alisema maziwa ya mama peke yake mpaka miezi sita, hata maji asipewe. Mama mkwe, aliyewalea wanawe wote kwa uji tangu wachanga, alisema muuguzi mwenyewe bado ananuka maziwa. Mume wangu, mtu wa kukwepa ugomvi, akajificha nyuma ya redio. Nikakamua maziwa, nikayaacha na mtoto kwa bibi yake, nikaenda kazini roho juu.

Mchana mama mkwe akaja getini kwetu kiwandani, mtoto mgongoni, chupa ile kwapani. Mlinzi akatupisha kwenye benchi lake. Mtoto alinyonya kidogo, akaachia, akalia. Mama mkwe akasema maziwa yamekauka, cherehani imeyamaliza. Akamimina uji kikombeni, akaupuliza, akamsogezea.

Kubishana naye sikuwa na ubavu. Nikakipokea kile kikombe, nikaunywa wote mimi.

"Mama, uji wako umefika," nikasema. "Utamfikia kupitia kwangu."

Akachungulia ndani ya kikombe. Mlinzi naye akapata kazi ya kufunga geti lililokuwa limefungwa tayari. Kisha mama akamimina kikombe cha pili.

"Haya, kunywa. Usibakishe."

Tangu hapo alikuja kila mchana mpaka miezi sita ikaisha, nami nikanenepa ajabu. Mtaani alijigamba kwamba anayemlisha mjukuu ni yeye, mama yake ni mrija tu. Wakati ule nilikuwa nakasirika. Leo ningetoa chochote nimsikie akisema hivyo tena.

Alipougua, akawa hamezi kitu, nilimpelekea uji wodini kwa chupa ileile. Nikamimina, nikaupuliza, nikamsogezea. Akakisukuma kikombe taratibu mpaka kifuani kwangu.

"Kunywa wewe, mwanangu," akasema. "Uji utanifikia."

Nikaunywa wote, machozi yakidondokea humohumo kikombeni, naye akinitazama mpaka nikamaliza.