Ofisa wa Kwenye Friji

Kazi yangu ni kucheka. Usinikodolee macho, kama wapo wanaolipwa kuimba harusini, mimi nalipwa kucheka studio. Kipindi cha vichekesho kikirekodiwa mbele ya watazamaji, naketi safu ya mbele, naangua kicheko, na ukumbi mzima unanifuata kama kuku wanavyofuata mtama.

Safari hii mwandishi alikuwa mdogo wangu, kitindamimba wetu. Ndicho kipindi chake cha kwanza kukubaliwa, na bosi wa studio alishamwambia bila kumung'unya maneno: ukumbi ukinuna, kipindi kimekwenda na maji. Ndiyo maana akaja kwangu. "Dada, wewe ndiye nguzo yangu."

Hadithi yenyewe sasa, makubwa! Familia imenunua friji kuukuu, na ndani yake anaishi ofisa wa Kinazi, wale wa Hitler, na kofia yake na mabuti yake. Kila asubuhi anatoka, barafu kwenye masharubu, anakagua vijiko vya jikoni: virefu kulia, vifupi kushoto, uma hauna haki ya kuwepo. Siku ya mazoezi nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, na hakuna aliyenilazimisha. Mtu mzima na cheo chake anagombana na uma! Nikasema moyoni, mdogo wangu ana akili. Zimwi likishachekwa hadharani halitishi tena.

Kisha, siku hiyohiyo, likaja onyesho la mwisho. Vijiko vimekwisha, sasa ofisa anapanga wapangaji wa nyumba ile. Bibi wa chumba cha nyuma anaamriwa aingie kwenye friji. Anauliza kwa adabu, "Nichukue koti, baba? Humo si kuna baridi?" Ofisa anainama, anamjibu kwa sauti tamu, "Hutalihitaji, mama." Mwigizaji wa ofisa alikuwa hodari, sura nzuri, na wafanyakazi wote wa studio wakaangua kicheko. Mimi nikaacha kucheka. Walikuwa wanamcheka bibi.

Nilimfuata mdogo wangu nyuma ya mapazia. "Wewe, watu walikufa hivyohivyo mikononi mwa Wanazi. Waliambiwa waache mizigo yao, wakatii. Huyo bibi ana kichekesho gani?"

"Simcheki bibi, Dada. Nataka watu wacheke, halafu kicheko kiwakwame kooni, wajione walivyo. Nikiwahubiria watazima televisheni."

"Na ambaye hakitamkwama?"

Alikuna kichwa. Mimi mwenyewe, tusidanganyane, sikuwa na hakika kama amekosea. Huenda yupo ambaye kingemkwama kweli. Ila kicheko ni changu, na nilimwambia pale sitakitoa.

"Basi umenizika," akasema.

Siku ya kurekodi nilivichekea vijiko kwa moyo wote. Bibi alipoulizia koti, nikafumba mdomo, na ukumbi mzima ukafumba pamoja nami. Kimya kilitanda mpaka mtu wa nyuma akakohoa kwa aibu. Haki ya Mungu, mdogo wangu hajawahi kuandika kitu kizuri kuliko kile kimya. Lakini bosi alikuwa anatikisa kichwa, na kumwona ndugu yangu ameinamisha uso kuliniuma vibaya sana.

Baadaye akanipigia simu, sauti inaruka. "Kimepita, Dada! Jumamosi kinaonyeshwa!" Nililia kwa furaha. Nilidhani kimya kimeshinda.

Jumamosi mchana tulikaa sebuleni, mimi na binti yangu. Vijiko vilimchekesha mpaka akadondoka kwenye kochi. Alipotokea bibi, akatulia, akakumbatia mto. "Nichukue koti, baba?" Binti yangu akanong'ona, "Masikini."

Ofisa akajibu, na kicheko kikapasuka kwenye televisheni. Kirefu, kinaanzia chini, kinapanda, kinamalizia kwa mkoromo. Changu. Walikuwa wamekikata kutoka kwenye vijiko wakakipachika pale.

Binti yangu aligeuka kunitazama, kisha akageukia televisheni, na akaanza kucheka.

"Unacheka nini?" nikamuuliza.

"Si wewe umecheka, Mama?"